Fungu la Mwenye Ardhi

Siku hiyo mjinga alikuwa Munga, na hilo yeye mwenyewe hakulipinga. Wajinga wengine huwa na kisingizio: hawakusoma, walilewa, walidanganywa na mganga. Munga alikuwa amesoma mpaka miwani ikamchimba pua, mnazi hakuwahi kuuonja, na wenzake walikuwa wamemtia maneno mdomoni kama mtoto anavyolishwa uji. Kazi yake ilikuwa kumeza tu. Akayatema.

Kikao kilikuwa Shika Adabu, kule Likoni, uwanjani nyuma ya ofisi ya chifu, chini ya hema lililozoea harusi. Afisa wa ardhi, mama mpole aliyeitwa Pascalia, alikuwa ametumwa kusikiliza pande mbili na kuandika pendekezo lake. Upande mmoja walikaa wenyeji wa nyumba za kando ya barabara, zile zilizojificha ndani ya minazi. Upande wa pili ilikaa kampuni iliyoinunua ile ardhi kutoka kwa warithi wa mtu ambaye hakuna aliyewahi kumtia machoni. Kampuni ilitaka kujenga maghala. Wenyeji walitaka kulala walipoamkia.

Mwenyekiti wa wenyeji, Dancun Fondo, alikuwa mpakuaji mizigo wa bandari ya Kipevu, mtu ambaye kunong'ona kwake husikika hadi ng'ambo. Aliwafundisha wote somo moja. Wakili wa msaada alikuwa amewaeleza kwamba mtu akikaa katika ardhi ya mwenzake zaidi ya miaka kumi na miwili, waziwazi, bila ruhusa wala kumlipa, anaweza kuiomba mahakama impe ardhi hiyo. Kwa hiyo ukiulizwa, akasema Dancun, jibu lako ni hili: tumezaliwa hapa, tumezika hapa, mwenyewe hatumjui. Kisha keti.

Wakasimama mmoja mmoja, wakasema, wakaketi. Hata Mzee Menza, ambaye hajui kuitika shikamoo bila kukusimulia goti lake, alisema hayo matatu akaketi. Goti aliliacha nyumbani.

Ikafika zamu ya Munga. Na hapa lazima isemwe, kwa kumtetea, kwamba kulikuwa na neno moja lililomchoma. Karani alipofungua kikao alisoma kwa sauti, "Shauri la maskwota wa Shika Adabu." Wengine hawakujali. Walishaitwa hivyo na chifu, na magazeti, na watu wa kuhesabu watu. Lakini Munga alikuwa mwanahistoria, na maisha yake yote ya kazi aliyamaliza akisoma kesi za watu waliokwisha kufa: wagema, wapagazi, wanawake wauza samaki, watu wasio na mbele wala nyuma. Alitaka kujua jambo moja tu, watu hao walikuwa na haki gani na walizidaije. Chuo kilimpa udaktari kwa kazi hiyo. Majirani walimpa jina la Bwana Makaburi.

Na kesi ya kwanza kabisa kuifukua ilikuwa ya bibi yake mwenyewe. Kadzo binti Ngumbao, zama za Mwingereza, alimpeleka mahakamani msimamizi wa mwenye shamba kwa kuikata minazi yake, na akashinda. Alishinda kwa sababu desturi ya pwani ilikuwa wazi: ardhi ni ya huyu, lakini nyumba ni ya aliyeijenga na mnazi ni wa aliyeupanda. Munga alikuwa ameifundisha kesi hiyo kwa vijana wengi hata akiota huiota. Sasa bibi wa kesi ile anaitwa skwota, na karani asiyejua hata kufunga vifungo vya shati lake vizuri.

Wakili wa kampuni alisimama. Alikuwa Lynnette, binti mwerevu aliyewahi kukaa darasani kwa Munga, kiti cha mbele, kabla hajahamia sheria. Akamwamkia kwa heshima zote, akauliza kwa sauti laini: familia yao iliingia vipi katika ardhi ile?

Lo! Mwulize mgema habari za mnazi. Munga akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akasema kwamba skwota ni mtu aliyeingia kwa dirisha, ilhali wao waliingia kwa mlango, wakabisha hodi wakakaribishwa. Akasimulia habari za Kadzo, na msimamizi, na hukumu. Dancun akakohoa. Akakohoa tena, kikohozi cha mtu mzima mwenye afya. Munga akaendelea. Akasema mpaka leo, nazi zikiangushwa, mama yake Margaret hutenga fungu la mwenye ardhi na kulikusanya pembeni mwa ua, kama alivyofundishwa na mama mkwe wake Kadzo. Mwenyewe hatokei. Nazi zikianza kuchipua hupandwa, au hupewa wajane. Lakini fungu hutengwa.

"Hata leo, Mwalimu?" akauliza Lynnette.

"Hata leo. Nenda uani kwetu ukalione."

"Kwa hiyo mnakubali kwamba ardhi ina mwenyewe, nanyi mmekaa kwa ruhusa yake."

"Bila shaka," akasema Munga, kifua mbele. "Huo ndio ustaarabu."

Lynnette akamwomba afisa yaandikwe kama yalivyosemwa. Yakaandikwa. Munga akatia sahihi kwa mwandiko wake mzuri wa kutoa chozi, na alipoinua kichwa kutafuta nyuso za kumpongeza, aliona visogo tu.

* * *

Dancun alimfuata mpaka kizingitini. Alikataa kiti, akakataa na maji, jambo ambalo Likoni ni karibu na tusi.

"Daktari, umetuzika," alisema. "Na umetuzika vizuri, kwa Kiswahili sanifu, mpaka maiti wakapiga makofi."

Munga akajaribu kueleza kwamba alichosema ni kweli. Dancun akamwambia hakuna aliyemshitaki kwa uongo. Watu wote pale walikuwa na kweli zao, nyingine zimewajaa hadi kooni, lakini walizimeza kwa sababu walikuwa na watoto wa kulaza. Wakili wa msaada ameshapiga simu: ombi lao sasa limekatika mguu. Mtu huwezi kusema umeichukua ardhi ya mtu huku unamtengea nazi.

Ndani, mkewe Velma alikuwa amerudi kutoka kazini. Velma alikuwa karani wa wakala wa forodha Kipevu, mtu wa kusoma karatasi kuanzia chini, penye sahihi, ndipo apande juu. Alimsikiliza mumewe mpaka mwisho.

"Walipokwambia useme kisha uketi," akauliza, "viti vilikuwa vimekwisha?"

Margaret yeye alikuwa uani akifua nazi, akizikita juu ya kifulio kana kwamba kila moja ina jina la mtu. Alitaka kujua jambo moja tu, kama mwanawe alisema uongo. Munga akasema la. Mama akamwambia basi aende akale, wali unapoa.

Lakini kweli haikusaidia chochote. Asubuhi ya pili, vijana wawili wa kampuni walipita na mkebe wa rangi nyekundu, wakachora msalaba, alama ya kubomolewa, kwenye kila ukuta, mkubwa, wa haraka, rangi ikichuruzika. Walichora ukuta wa Mzee Menza naye amekaa barazani anautazama. Aliwauliza kama hawamwoni. Wakamwomba asogeze kichwa. Kwa Vivian, muuza mahamri, walichora juu ya kalenda ya kanisa iliyoning'inia mlangoni, ikawa siku zote za mwezi ule zina damu. Hakuna aliyebisha hodi. Ng'ombe wa mnadani hupigwa muhuri kwa adabu kuliko hivyo, kwa kuwa angalau kuna mtu humshika pembe.

Munga alipokwenda kwa Vivian kununua mahamri, aliambiwa yamekwisha. Sinia ilikuwa hapo katikati yao, imejaa, inatoa moshi. Wakatazamana, yeye na Vivian na mahamri. Munga akashukuru, akaondoka. Bombani, madumu ya Velma yalisogezwa nyuma ya foleni bila mtu kuonekana akiyasogeza. Na Jumapili, mzee wa kanisa aliwaombea wagonjwa, wasafiri, na wale ambao Mungu amewapa ulimi mrefu kuliko njia ya kwenda Diani. Margaret aliitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote. Alipoulizwa baadaye alisema ombi lilikuwa zuri, lina maana.

* * *

Munga akavuka feri, akaenda Changamwe, kwenye ofisi ya Lynnette iliyo juu ya duka la dawa. Alitaka kuyafuta maneno yake.

Lynnette alimpokea kwa shikamoo na glasi ya maji. Mle ndani alikuwamo pia Phineas Gona, meneja wa kampuni, mtu mnene wa tabasamu la haraka, mzaliwa wa Kilifi, aliyekuwa na tabia ya kumzungumza mtu aliyekaa mbele yake kana kwamba ametoka nje kidogo. Alimwuliza Lynnette kama mzee ameshaelezwa. Mzee mwenyewe alikuwa amekaa hapo, ameshika glasi.

"Mwalimu, uliyoyasema yalikuwa kweli?" akauliza Lynnette.

"Kweli."

"Sasa unataka nifute kweli? Wewe?"

Munga akaiweka glasi mezani. Maisha yake yote aliwagombeza wanafunzi kwa kosa hilohilo.

Ndipo Gona akaleta habari yake. Kampuni inawathamini wasomi. Sahihi ya Daktari inahusu nyumba moja tu, ya mama yake. Hizo nyingine bado zina mdomo wa kudai. Lakini Daktari ndiye bingwa. Akikubali kuwa shahidi wa kampuni, akaeleza kwa utaalamu wake kwamba wote pale, mmoja mmoja, waliingia kwa ruhusa, mambo yatakwisha upesi bila kusumbuana. Na mama yake hatalala nje. Kampuni ina nyumba nzuri Jomvu Kuu, ya matofali, yenye ua. Atapewa, na karatasi zake.

"Na wengine?" akauliza Munga.

Gona akamtazama Lynnette, kama anayeomba amfasirie.

 Munga akamgeukia binti yule. Akamkumbusha insha aliyoiandika darasani kwake juu ya kesi ya Kadzo, insha bora kabisa ya mwaka ule, iliyosema haki ya mnyonge hudumu kama kuna mtu anayeikumbuka. Aliisoma mbele ya darasa zima. Alimpa alama ya juu.

"Ulinipa," akasema Lynnette, na uso wake haukuwa na furaha. "Nilikuwa nimeielewa kesi, Mwalimu. Ndiyo maana nilijua swali la kukuuliza."

Alipoinuka kuondoka, Gona aliweka noti mezani, akasema ni nauli ya feri. Munga akaitazama ile noti. Likoni hata kifaranga kinajua kwamba mtu wa miguu huvuka feri bure. Ndivyo alivyotambua jinsi watu hawa wasivyowajua watu wanaotaka kuwahamisha. Akaiacha noti palepale, akashuka ngazi kwa hasira.

Hasira, lakini si hasira tu. Kwa kuwa Jomvu Kuu ni karibu na Kipevu, na mama anazeeka, na ukuta wa matofali hauvuji. Mtu asimcheke. Njia nzima, kutoka Changamwe hadi feri, na kutoka feri hadi nyumbani, alikuwa ameshaingia katika ile nyumba, amefungua madirisha, amepanga vitabu vyake.

* * *

Aliwaeleza wakila, bila kuficha. Velma aliacha kutafuna. Akasema kweli, hataongopa, amechoka. Amechoka kuamka alfajiri akimbilie feri, amechoka kusukumana, angependa kufika kazini kwa miguu na viatu safi. Kila neno lilikuwa na haki yake, na Munga akaanza kutumaini kwamba uamuzi utamtoka mkewe, yeye abaki na mikono safi.

"Tatizo," akasema Velma, "siku moja nitakutana na mke wa Dancun sokoni Kongowea. Salamu tutaanzia wapi? Nimwulize habari za kubomolewa?"

 Margaret aliendelea kumega samaki, akimtilia mwanawe minofu, mwenyewe akibaki na kichwa.

Munga akasukuma sahani. Kilichokuwa kimemkaa kifuani tangu Changamwe sasa kikapata maneno. Akasema Kadzo alishinda kwa kuwa alikuwa mpangaji. Leo wao wanashindwa kwa kuwa ni wapangaji. Inakuwaje haki ileile ikiwa mkononi mwa mnyonge ni mzigo, na ikiwa mkononi mwa kampuni ni panga? Haiwezekani. Ama tuna haki ya mpangaji yote, ama hatuna kabisa. Wamechukua nusu inayowafaa, ile ya kukiri kwamba ardhi ina mwenyewe. Nusu ya pili, kwamba nyumba ni ya mjenzi na mnazi ni wa mpanzi, wameitupa jaani.

"Kaiokote basi," akasema Velma.

Munga akaenda kwa Dancun usiku haujaingia. Safari hii ni yeye aliyenyimwa kiti. Akaeleza wazo lake akiwa amesimama: wasiukimbie upangaji tena, kwa kuwa umeshaandikwa. Waushike mzima, wote pamoja, waiachie kampuni ikwame nao. Mwenye kutaka ardhi kwanza anunue nyumba na miti kutoka kwa wenyewe, kwa bei ya mthamini, ukuta kwa ukuta, mnazi kwa mnazi. Hakuna tingatinga mpaka hapo. Si ushindi wa kumiliki, alikiri, huo kaupoteza yeye. Lakini mtu hataondolewa kama takataka.

 Dancun akauliza kama hilo litashika mahakamani. Munga akasema hajui. Lilishika kwa Kadzo.

"Na nikikwambia siku hiyo unyamaze, niseme mimi, utanyamaza?"

Munga akajichunguza kwa uaminifu. "Sitaweza."

"Nilijua," akasema Dancun, akamsogezea kiti.

* * *

Kikao cha pili hema lilijaa. Watu walikuja na mafyekeo ya kukatia majani bado mikononi, na watoto migongoni. Mzee Menza alikuja na goti lake. Afisa Pascalia akasema leo ataandika pendekezo, na mwenye neno aseme sasa.

Munga akasimama. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alisema kwa kifupi. Akauliza kama kampuni inakubali kwamba wenyeji wote, si mama yake peke yake, ni wapangaji walioingia kwa ruhusa ya mwenye ardhi. Gona, aliyedhani bingwa amekuja kulipia nyumba ya Jomvu, akaitika haraka kabla wakili wake hajamgusa mkono. Wanakubali, ndiyo, wote. Munga akaomba iandikwe, na meneja atie sahihi. Gona akatia.

Ndipo akaomba nusu ya pili. Ruhusa ile ilikuja na desturi yake, na desturi haigawanyiki. Nyumba ni za waliozijenga. Minazi ni ya walioipanda. Anayetaka kuviondoa avinunue kwanza.

Kukawa na mnong'ono, ukapanda ukawa mvumo. Gona akacheka, akatazama huku na huku kutafuta wa kucheka naye. Vivian wa mahamri akainuka akamwambia kwamba ukuta wake ulichorwa msalaba bila hodi, basi aje auhesabu na mawe yake. Dancun akawaomba watulie, kwa sauti iliyotetemesha hema.

Lynnette akasimama. Alikuwa ameona mtego, na alikuwa hodari, hakubabaika. Kutoka kwenye mkoba akatoa hati ya ardhi iliyofunikwa kwa plastiki, kahawia kama ngozi ya ngoma, yenye muhuri wa ufalme wa Mwingereza. Akamwonyesha afisa. Mipaka hii hapa, jina la mmiliki hili hapa, mwaka elfu moja mia tisa na kumi na tatu. Kila kitu kimeanzia hapa, akasema, na kampuni imenunua kila kilichomo. Hati haitaji nyumba ya mtu wala mnazi wa mtu.

Pascalia akauliza vipi kuhusu desturi ambayo Mwalimu ameieleza, na ile hukumu ya Kadzo.

 Lynnette akawageukia wenyeji, akawaelekezea macho wazee waliokaa mbele, akasema kwa upole, kama mtu anayewaeleza wazazi wake.

"Namheshimu sana mwalimu wangu. Lakini hayo ya Kadzo ni mambo ya kale. Yalikuwa na wakati wake, umepita. Mahakama ya leo haiwezi kuendeshwa na mambo ya kale."

Margaret, aliyekaa miongoni mwa wazee hao, akainua mkono wake kama mtoto wa shule. Afisa akampa ruhusa. Hakusimama. Akaielekeza kidole ile plastiki iliyokuwa mkononi mwa wakili.

"Na hiyo uliyoshika, mwanangu, mmeiandika leo asubuhi?"